Nambari Saba Iliyoitika Mara Mbili

Wangari, wajina wangu mpendwa,

Sisi hapa kijijini Wamagana tuko wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Barua yako nimeisoma mara tatu nikicheka peke yangu. Ati ndani ya kompyuta yenu vifaa viwili vimepewa nambari moja ya kuitia, na kiini cha mashine hakijui kimeitwa na nani. Unashangaa kosa kama hilo hutoka wapi. Mimi nalijua.

Miaka ile baada ya Uhuru nilikuwa opareta wa simu Nyeri. Mteja akipiga, kifuniko chenye nambari yake kilianguka mbele yangu kwenye ubao wa kuunganishia simu. Saba ilikuwa ya kiwanda cha mbao cha Mweiga. Mkubwa wetu aliposikia kinafungwa, akaipa zahanati mpya nambari hiyo kabla waya wa kiwanda haujatolewa. Akasema, "Kwani mtoto hapewi jina la babu angali hai?"

Asubuhi moja saba ikaanguka. Nikasikia sauti mbili pamoja, mlinzi wa kiwanda akiulizia lori la magogo, na muuguzi wa zahanati akililia ambulensi ya mama mwenye uchungu wa kuzaa. Niliruka nyuma ya ubao nikang'oa ule waya mkuukuu wa kiwanda, muuguzi akabaki peke yake. Mama yule alifika hospitali, akajifungua salama.

Kwa hivyo usiamini orodha ya nambari tu. Angalia kama waya wa zamani umetoka.

Lakini jina la mtu ni jambo lingine. Juzi jirani aliita "Wangari" langoni. Niliitika, kisha nikageukia nyumba, nikingoja nawe uitike.

Ni mimi nyanya yako, Cucu