Baiskeli ya Blaise

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimemaliza kuchomelea fremu. Mafundi wenzangu hapa Katwe, Kampala, wamecheka — eti kitanda chenye magurudumu! Wacheke. Tangu mifuko ya saruji imwangukie mume wangu sokoni, hawezi kukaa wima. Akiegemea ndipo maumivu yanapungua kidogo. Mwaka mzima Blaise anatazama ukuta. Picha ya baiskeli hii alinionyesha mwenyewe kwenye simu: unaegemea, miguu mbele, pedali na cheni vyote viko kwenye gurudumu la mbele. Hajawahi kuomba kitu kingine.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeijaribu mimi kwanza. Balaa! Pedali zimefungwa kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, basi kila mguu ukisukuma, hendeli inafuata. Kulia — kushoto — kulia — mtaroni. Goti limechubuka. Zubaida, jirani yangu wa vyuma chakavu, anasema nimetengeneza mlevi.
Nimerefusha hendeli ili mikono ipate nguvu ya kushindana na miguu. Foki nimeisimamisha wima zaidi. Sasa ni nyepesi, inakata kona vizuri. Nyepesi mno? Sijui.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa, uwanja wa shule hapa Makindye. Nilikimbia nyuma nimeshika kiti. Kaanguka, kaamka, kaanguka. Halafu akasema, "Achia." Nikaachia. Akazunguka uwanja wote! Hakucheka. Ila jioni alimaliza sahani.
Nimemkanya: tambarare tu. Kwenye mteremko itayumba. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 16 Julai
Alitoka nikiwa kazini. Otim, polisi anayepanga chumba cha pili kutoka chetu, alinifuata hadi Katwe. "Mama, mutu yako ameanguka kule chini. Lakini iko hai."
Mteremko wa soko! Gurudumu lilianza kutikisika, likazidi, akarushwa. Kidevu kimeshonwa. Mkono hauna ngozi. Njia nzima nilijilaumu — foki ile ni kazi ya mikono yangu.
Kisha Otim akaninong'oneza. Alimwona tangu juu. "Breki hakushika. Hata kidogo."

Alhamisi, 17 Julai
Nimekagua breki. Waya mzima, raba nzima.
Nimemuuliza Blaise mbona hakuishika. "Ilitikisika." Basi. Akageukia ukuta.

Jumamosi, 2 Agosti
Kila siku ananiomba niitengeneze. Nilikusudia kuikatakata, grainda ilikuwa mkononi tayari. Nikashindwa. Bila hiyo hataki kitu chochote duniani, hata mimi.
Foki nimeilaza, kuliko hata mwanzo. Kwa kasi sasa inanyooka yenyewe. Nimeshuka nayo mteremko ule ule, roho mkononi. Ila ikienda polepole gurudumu linaangukia upande. Hawezi kuondoka peke yake. Lazima mtu amshike, amsukume mpaka ishike mwendo. Labda ndivyo nilivyotaka.
Yuko getini sasa. Barabara inaanza kushuka hapo hapo. Nimemuuliza anakwenda wapi. "Mbele tu." Nimeingia ndani kama natafuta kitambaa, naandika nimesimama. Kuhusu ile breki sijamuuliza tena.
Ananiita. Si kwa hasira. Kwa upole, kama enzi za Bukavu, kabla hatujakimbia vita.
"Hortense, njoo unisukume."