Vigelegele Kabla ya Hotuba

Mume wangu Hamisi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Mwembesongo hatujambo. Babu yako bado anagombana na kikohozi, na dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza, katika ule mchezo wa zamani wa televisheni, wa waziri, tulioutazama tena ulipokuja likizo, nampenda nani. Nampenda yule mama wa nyuma asiyesema neno, mpiga vigelegele.

Mchezo ulipotoka, vyama vingi ndio kwanza vimeanza, na televisheni mtaani alikuwa nayo Mama Zuhura peke yake. Aliurekodi. Tulipoutazama mara ya pili akasema, "Jamani, huyu anashangilia na waziri hajafungua mdomo." Tukacheka, kisha tukajiona wenyewe. Kila akija mgombea, washangiliaji ni sisi.

Wiki ile ile akaja mmoja kuomba kura. Akashuka garini, akatuangalia, akasubiri. Tukatulia tu na kanga zetu mabegani. Akaanza hotuba, ikamkatikia njiani. Mwishowe akasema, "Akina mama, kwani mnataka nini?"

Tukamwambia maji.

Nilishangilia viongozi tangu usichana wangu, mume wangu, na swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa.

Mkeo,
Bibi