Simu ya Maskati na Nikaha Yangu

Jumamosi, 14 Septemba 1996

Nimesingwa tena. Liwa, ule msandali wa kusagwa, mwili mzima. Bibi harusi hatoki, kwa hivyo mtaa wetu wa Mtopanga wote nauona kupitia dirisha moja. Nimechoka na nina furaha, vyote pamoja.

Farid, mchumba wangu, kanyimwa likizo na mwajiri wake Maskati. Ijumaa, siku ya nikaha, hatakuwepo. Ami yake kajitolea kuwa wakili, Farid aandike barua naye akubali ndoa kwa niaba yake, na Ustadh anasema wakili anatosha. Baba hataki. "Mwanangu siozi kwa barua. N'takapomsikia mwenyewe kwa sikio langu, hapo n'tamuoza." Asiposikia, harusi ingoje mpaka Farid arudi. Yaani mwakani. Nitakufa.

Lakini mchumba wangu ana akili. Ametuma simu ya mkononi. Ijumaa ataipigia, aozwe papo hapo. Nani hapa kwetu aliwahi kuolewa kwa simu?

Jumatatu, 16 Septemba

Imefika. Nyeusi, nzito kama tofali, na antena ya kuvuta. Mama kaifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Majirani wanakuja kuitazama simu, mimi hawanitazami. Wivu kidogo.

Athmani, kaka yangu, akaiwasha. Taa ikawaka. Nikapiga kigelegele peke yangu. Lakini haishiki mawimbi. Athmani anasema ni kuta, nyumba hii ya mawe.

Jumanne, 17 Septemba

Si kuta. Athmani kapanda nayo darini. Hapana kitu. Kataka kupanda mnara wa msikiti, mwadhini akamfukuza. Kenda nayo mpaka ufuoni. Hapana.

Mimi ndani, naletewa habari dirishani. Anayetafutwa ni mume wangu, na mimi peke yangu ndiye nisiyeruhusiwa kumtafuta. Nimekasirika.

Jumatano, 18 Septemba

Athmani kavuka mjini kwa fundi wa simu. Simu nzima, haina ugonjwa. Kumbe kila nchi ina mawimbi yake. Hii imeundwa kusikia ya Maskati, na mitambo yetu inarusha mengine. Sawa na redio isiyo na FM: uipandishe hata juu ya mnazi, haitashika. Simu za Dubai, anasema fundi, zinashika hapa.

Za Dubai. Farid na akili zake. Nimecheka, kisha nikalia, kisha nikala halua yote ya wageni.

Alhamisi, 19 Septemba

Hina leo. Naandika ikiwa mbichi, Mama asinione.

Duka la dawa la barabarani lina simu ya waya. Athmani akapiga Maskati, kazini kwa Farid. Hayupo. Aliyepokea hajui ila Kiarabu, na Kiarabu cha Athmani ni cha chuoni, cha Kurani. Dua anazijua zote. Namba ya duka, ili Farid apige hapo, aliisoma kwa mahadhi kama anayesoma sura. Sijui yule mtu aliandika nini. 

Ijumaa, 20 Septemba

NIMEOLEWA.

Baada ya swala Ustadh alikuja nyuma ya pazia kuniuliza kama nimeridhia. Nikajibu kwa sauti kubwa mno, wanawake wakacheka. Wanaume wakaenda dukani, kanzu tupu barabara nzima. Wakangoja. Nasi tukangoja. Asmini zikaanza kunilegea kichwani. 

Kisha vigelegele, kutoka barabarani, nyumba baada ya nyumba, vikija kwetu. Nilijua kabla mtu hajaingia.

Athmani kanisimulia. Mwenye duka alimzuia kila aliyetaka kupiga simu. Ilipolia, Baba aliinyakua, mashahidi wakabanana naye vichwa kwenye mkono mmoja wa simu. Farid alikubali mara tatu, maana kila shahidi alitaka asikie vizuri. Nimeruka kitandani. Mke wa mtu, naruka.

Jumamosi, 21 Septemba

Baba mwenyewe alinipeleka dukani, nimejifunika buibui langu jipya. Farid alisema atapiga alasiri. Akapiga. Baba akamsalimu, akanipa simu, akatoka kusimama juani.

Nikasema abee. Akaniuliza u hali gani. Njema.  Mwenye duka akazima feni ili nisikie vizuri, nami nikawa namsikia Farid akipumua.

Njiani nilimuuliza Baba kwa nini wakili hakumtosha.  Akasema alitaka kusikia kama sauti ya Farid itatetemeka, kama ya mtu anayejua uzito wa neno lile.

"Ilitetemeka," akasema.