Fungu Lako la Mahindi

Yeyo, mama yangu,

Shikamoo. Nimekasirika, na leo sikufichi.

Nakukumbuka kule Kisongo, umekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, unachambua mahindi. Meupe huku, yaliyoota ukungu kule. Meupe yalikuwa ya baba na sisi wanao, na ya mchungaji akitutembelea. Yale ya kijani na meusi uliyaosha, ukayasaga kivyake, ukajipikia ugali wako kwenye kisufuria kidogo. Siku niliyoonja nikatema, ulikuwa mchungu. Ukacheka.

"Moto unaua kila kitu," ukasema. "Chakula hakitupwi."

Moto hauui sumukuvu, ile sumu ya ukungu, Yeyo. Daktari aliniambia hivyo ini lako likiwa limeshakwisha. Nikamtaka anieleze vizuri, akanieleza. Sumu ile ikifika kwenye ini, ini linajaribu kuisafisha, kumbe ndiyo linaifanya iwe kali zaidi. Kisha inajipenyeza kwenye vinasaba, ile DNA yenye umbo la ngazi iliyosokotwa, inakwama katikati ya vipago vyake na kung'ang'ania hapo. Ngazi inapinda. Nikakumbuka zipu ya sweta lako la kijivu, uzi ulivyonasa humo meno yakawa hayakutani tena. Seli inajinakili na kasoro hiyo, na inazozizaa nazo hivyo hivyo, mpaka saratani. Daktari hakuapa kwamba ni mahindi. Mimi naapa.

Namkasirikia baba, aliyekula meupe miaka yote asiulize wewe unakula nini. Najikasirikia na mimi niliyenenepa. Lakini wewe ndiye wa kwanza. Nani alikutuma? Ungeyamwaga yale, tukala kidogo kidogo sote, leo ningekuwa na mama.

Jana, hapa kwangu Olasiti, nilikuwa nachambua mahindi ya kupikia loshoro, yale ya kuchanganya na maziwa ya mgando. Mjukuu wako Naserian akaja akachungulia ungo.

"Mama, haya ya pembeni ni ya nani?"

Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa umetenga fungu, kama ulivyotenga wewe, na wala sikuwa nimewaza kulitupa.

"Si ya mtu," nikamjibu.

Tukachimba shimo nyuma ya banda, tukayafukia. Nililia kwa hasira. Yeye alidhani nayalilia mahindi.

Pumzika, Yeyo. Bado nimekukasirikia.

Binti yako, uliyemlisha meupe