Nyuzi Tatu za Gitaa la Baba

Malaba, 14 Januari 2024

Kwako Baba mdogo Vitalis,

Pokea salamu zangu. Huko Port Victoria mnaendeleaje, na mgongo wako? Mimi ni mzima. Mama huko Bukhayo ni mzima pia, ila magoti.

Naomba unifundishe gitaa. Unakumbuka neno la baba mbele ya ukoo kabla hajafa: gitaa lake liwe la yule atakayepiga ule wimbo aliomtungia mama, siku ya kumbukumbu, kwa kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi kama alivyopiga yeye. Kumbukumbu ni Agosti. Mama ameniomba niupige mimi, mtoto wao wa pekee, nami sijui hata kulishika. Wewe ulikaa naye kwenye bendi miaka yote. Kwa kuwa kwenye simu husikii vizuri, barua ataileta mchuuzi Roselida akija kuchukua samaki.

Binti yako,
Jerusha


Port Victoria, 2 Februari 2024

Binti yangu Jerusha,

Salamu za upendo. Mgongo bado ni ule ule, lakini tunashukuru kuamka. Je, kazi ya kupeleka makaratasi ya malori haijakuchosha?

Umenifurahisha. Mimi siwezi kushindana na mtoto wangu. Siku hiyo nitakaa kwenye viti nikupigie makofi.

Sasa sikiliza. Sauti za nyuzi zipange kama za gitaa lolote la kanisani. Mwalimu wa kwaya atakusaidia. Vaa shingo ya chupa kwenye kidole cha mwisho. Usibonyeze uzi mpaka uguse mbao. Uguse tu, teleza, usimame juu kabisa ya kile chuma chembamba kilichokatiza mbao, si kabla yake. Teleza juu ya nyuzi zote pamoja. Mengine ni uvumilivu.

Baba yako mdogo,
Vitalis


Malaba, 21 Aprili 2024

Kwako Baba mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu. Sisi hatujambo.

Nimefanya mazoezi siku sitini na nne, zote nimeziandika kwenye daftari. Kidole hakitetemeki tena. Nasimama juu ya chuma kama ulivyosema. Lakini nikiteleza juu ya nyuzi zote pamoja, zinagombana kama wake wenza. Jana jirani yangu Fridah aligonga ukuta: “Jerusha, huyo paka si umpe maziwa!”

Kuna kitu nimeruka?

Binti yako,
Jerusha


Port Victoria, 6 Mei 2024

Binti yangu,

Habari za siku nyingi? Hapa mvua imetushika, lakini tuko.

Nimecheka hiyo ya paka. Hujaruka kitu. Ni mkono tu. Mkono wa mwanamke ni mwepesi, na hata baba yako ilimchukua miaka mitatu. Usibadilishe chochote, wala usiulize watu wengine, watakuchanganya. Endelea hivyo hivyo.

Baba yako mdogo,
Vitalis


Malaba, 18 Agosti 2024

Kwako Baba mdogo,

Salamu. Natumaini ulifika salama na gitaa halikugongwa njiani.

Sikupata nafasi ya kukushukuru Jumamosi ile ya kumbukumbu. Nilipoanza kupiga na watu wakainamisha vichwa, nilitamani ardhi inimeze. Mzee Methuselah akasema kwa sauti, “Mama, huyu mtoto aache, marehemu atafufuka.” Wakacheka. Ndipo ukaja, ukalitoa gitaa mapajani mwangu, ukageuka kidogo ukilipangusa vumbi, kisha ukapiga. Mama alilia mpaka nikamshika. Wazee wakasema gitaa limepata mwenyewe.

Ulisema kweli kuhusu mkono wangu. Litunze.

Binti yako,
Jerusha


Malaba, 24 Novemba 2024

Kwako Baba mdogo,

Mgongo wako haujambo?

Juma lililopita nilimpelekea karatasi dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mpaka, anaitwa Okiror. Ndani ya lori ana gitaa. Nikaliomba, nikatoa ile shingo ya chupa ambayo bado natembea nayo, nikazipanga nyuzi na kupiga wimbo wa baba jinsi ulivyonifundisha. Alicheka mpaka akashika usukani.

“Dada, nani alikufundisha kupanga nyuzi hivi? Adui yako?”

Nikamwambia, “Baba yangu mdogo.”

Akaacha kucheka, akalichukua gitaa. Kisha akalegeza nyuzi tatu: wa kwanza, wa tano na wa sita. Akapiga zote bila kuzishika, zikakubaliana. “Gitaa la kuteleza hupangwa hivi,” akasema. “Hakuna mpigaji asiyejua.”

Nikateleza. Wimbo wa baba ukatoka, wote, mara ya kwanza.

Siku ile uliponigeuzia mgongo, hukuwa unapangusa vumbi. Nataka uniambie wewe mwenyewe.

Jerusha


Port Victoria, 15 Desemba 2024

Binti yangu Jerusha,

Salamu, na Mungu akulinde wakati huu wa sikukuu.

Nimeandika barua hii mara nne. Ni kweli. Ndugu yangu alikuwa na sauti, alikuwa na jina, alikuwa na mama yako. Mimi miaka ishirini na sita nilipiga nyuma yake, na mpaka leo watu huniita “mdogo wa Oduori.” Nilitaka kitu kimoja kiwe changu. Ningekukatalia, ungetafuta mwalimu mwingine. Ndiyo maana nilikubali.

Gitaa nitakurudishia. Tuseme nimekupa kwa mapenzi. Ila nakuomba jambo moja: mama yako asijue. Ananiheshimu, na kwake ndiko nyumbani pekee nilikobaki nako.

Baba yako mdogo,
Vitalis


Malaba, 5 Januari 2025

Baba mdogo,

Salamu.

Unajua mama hakusoma. Barua zote zinazohusu nyumba yake humsomea mimi, na sijawahi kuruka hata mstari. Hii yako nilimsomea juzi, pamoja na ile sehemu unayoomba asijue.

Hakupiga kelele. Aliniambia nirudie pale unaposema kwa nini ulikubali. Nikarudia. Halafu akauliza, “Siku ile aliniona nikilia?” Nikamwambia ulikuwa umekaa mbele yake.

Jumamosi tarehe kumi na moja tutakuja wawili kuchukua gitaa. Mama anasema usichinje kuku. Hatutakula kwako.

Jerusha