Usimtume Mtu Kumchukua Gadi

Chawia,
kwa Posta ya Mwatate,
28 Novemba 1976.

Mpendwa mwanangu Josephat,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Natumaini wewe, Selpha na watoto hamjambo huko Eldoret, na kwamba baridi ya huko haijawafanya mlale na makoti. Sisi tuko wazima. Mama yako mkubwa Tryphena ana goti linalomsumbua siku za kazi tu. Jumapili linapona, anafika kanisani kabla ya kengele. Mimi meno yamebaki manne, lakini yamepangwa vizuri, mawili juu na mawili chini, na yanakutana. Mungu hanyimi mtu vyote.

Barua yako ya mwezi huu ilifika. Nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikamsomea Tryphena huku nikihesabu. Umeuliza habari za mbwa mara tisa. Habari zangu umeuliza mara moja, tena mwishoni, pale karatasi ilipokuwa inakwisha. Sikulaumu. Mbwa wako ana meno mengi kuliko mimi.

Umesema sasa mmepata nyumba yenye ua, na kwamba rafiki yako Oduor wa reli atapita Voi tarehe kumi na nane Desemba. Ati nimshushe Gadi mpaka dukani kwa Donald pale Mwatate, Oduor amfuate hapo na kumpakia kwenye treni mpaka kwako. Jambo hilo nitalijibu, lakini nitalijibu mwishoni, kama ulivyoniuliza mimi mwishoni. Kwanza usome habari za mwaka mzima, ujue unayemtaka ni mbwa gani.

Mwezi wa kwanza nilimkuta kwa Donald amefungwa kamba kwenye mguu wa benchi, na karatasi yako shingoni kama mzigo wa stesheni. Donald akaniambia, "Mzee Mwandawiro, weka sahihi hapa." Nilidhani anatania, kumbe kweli alikuwa ameandika kwenye daftari. Nimepokea mbwa mmoja, mweusi, sikio moja limesimama na moja limelala.

Karatasi yako ilikuwa na maagizo. Achanjwe kila mwaka. Maji yake yabadilishwe kila siku. Asipewe mifupa ya kuku, itamkwama. Tryphena alicheka hapo. Alisema katika nyumba hii mifupa ya kuku haijawahi kufika kwa mbwa, mimi huwa nimeshamaliza.

Kiangazi kilimpata vibaya kwa miguu. Funza wa huku hawaogopi mtu wala mbwa, wanaingia kati ya vidole na kujenga. Basi kila asubuhi tulikaa kwenye jua, mimi na pini ya Tryphena, yeye amelala ubavu, ananipa mguu mmoja mmoja kama bwana mkubwa anayeng'arishiwa viatu. Maji nilimwekea kwenye sufuria iliyovunjika mkono, kivulini. Kwanza alikuwa anaingiza miguu ndani, kisha anakunywa. Wengine tumesoma mpaka darasa la nne na hatujagundua jambo kama hilo.

Mwezi wa tatu alikuja Munyao, bwana mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa, pale kwa chifu. Watu walipanga foleni na mbwa zao, na siku hiyo nilijua tabia za majirani wote, maana mbwa hafichi anayoyasikia nyumbani. Munyao alitangaza kwamba mbwa atakayeonekana bila kibati shingoni baada ya mwisho wa mwezi atapigwa risasi. Gadi alipata kibati namba 214. Sindano ilipoingia hakulia, alinitazama tu mimi, kama kwamba ndimi niliyekuwa na zamu baada yake. Tangu siku ile na kile kibati chake anatembea kama diwani.

Sasa nifike kwenye mvua kubwa, na hapa mwanangu ukae chini.

Mvua ilileta kupe. Munyao alikuwa ametuambia tuwatoe kwa vidole kila siku, nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole, kisha mbwa aoshwe kwa sabuni. Niliona ni kazi ndefu kwa macho yangu haya. Na ng'ombe wetu huenda josho kila Alhamisi. Nikafikiri, dawa inayoua kupe wa ng'ombe itamwogopa kupe wa mbwa? Alhamisi nikamsukuma Gadi ndani ya josho nyuma ya ng'ombe. Aliogelea vizuri sana, akatoka upande wa pili akiwa na heshima zake zote. Tryphena aliniuliza kama nimemtoa kupe kwa mkono. Nikamwambia ndiyo, mmoja baada ya mwingine.

Njiani alikuwa anajilamba. Kufika jioni mate yanamtoka, miguu inatetemeka, hataki uji wala nyama. Kesho yake hivyo hivyo. Mimi nikanyamaza na siri yangu kama mwizi aliyekaa matangani. Usiku ule wa kwanza sikupata usingizi, na usimwambie mtu.

Siku ya pili alikuja shangazi yako Wakio. Alimtazama Gadi, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Hapa kuna mtu ana hasira moyoni."

Selpha si wa kwetu, kwa hiyo mweleze. Wazee wetu walijua kwamba mtu akiweka hasira juu ya wa nyumbani kwake akainyamazia, hasira ile haikai bure. Inatafuta mnyonge, inamlaza. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anatia maji ya muwa mdomoni, anayapuliza nje, anasema hasira yangu na itoke, mgonjwa apone. Sisi tuliobatizwa tunasema tumeacha. Tumeacha kama nilivyoacha ugoro.

Wote tulimtazama Tryphena, maana mwezi wa pili Gadi alikuwa amekula mayai kumi na moja chini ya kuku aliyeatamia, na tangu hapo mama yako mkubwa alikuwa anamsogezea chakula kwa mguu.

"Msinitazame mimi," Tryphena akasema. "Mimi ni mtu wa kanisa."

"Yesu mwenyewe alitema mate akamponya kipofu," Wakio akamjibu. "Wewe ni mkubwa kuliko yeye?"

Tryphena akatafuta jibu ndani ya Biblia yake yote na hakulipata. Akachukua kikombe, akapuliza juu ya mbwa, akasema, "Kama ni mayai, nimesamehe. Yalikuwa kumi na moja, lakini nimesamehe." Gadi hakuinua hata kichwa.

Ndipo Wakio akanigeukia. "Kaka, wewe je?"

Nikamwambia mimi sina kitu, moyo wangu mweupe kama unga wa dukani.

"Tangu Januari," akasema, "huyu mbwa unamwita mzigo wa Josephat. Sijakusikia hata siku moja ukimwita jina lake."

Mwanangu, ilikuwa kweli. Na kwa sababu tumefika hapo, niseme yote. Uliandika kwamba kabla ya kuhamia Eldoret utapanda Jumamosi kutuaga. Nilichinja jogoo. Nilifagia kaburi la baba yako, ndugu yangu, hapo nyuma ya nyumba, maana mtu wa kwetu akienda mbali husimama kidogo kwa baba yake, kisha anakunywa chai, kisha anaenda. Tulikaa na ile chai mpaka ikaota ngozi. Jumatatu ndipo Donald akaniletea habari kwamba ulishapita na treni, na kwamba nina mbwa. Jogoo tulimla sisi wawili, naye alikuwa mgumu kama kiatu cha askari. Leo nacheka. Siku ile sikucheka, na sikumwambia mtu, na miezi minne nilimlisha mbwa wako kwa mkono huku moyo umegeuka upande.

Basi nikachukua kikombe. Nikapuliza, kwa meno yangu haya maji yalienda kila upande. Nikasema, "Kama nina hasira na mtoto wa ndugu yangu, itoke, iende na hii mvua. Mbwa hana kosa, yeye alifungwa tu." Halafu nikaona kutasa huku bado una uongo mdomoni ni kumlowesha mbwa bure, nikasema na la josho.

Tryphena alinitazama kwa yale macho unayoyajua. Wakio alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha wote wawili wakaniambia nivae viatu.

Nilishuka mpaka Mwatate na mvua yangu kichwani, nikamleta Munyao. Naye alinisemesha kama mwanafunzi. "Mzee, ile dawa ni ya ng'ombe. Mbwa anajilamba, paka anajilamba zaidi. Ukimtia paka hapo utazika." Alimwosha Gadi kwa sabuni na maji mengi, akamdunga sindano, akatuambia tungoje. Asubuhi ya pili Gadi alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye kiota cha kuku. Tryphena alisema asifiwe Bwana, kisha akamfukuza.

Mpaka leo hawajakubaliana. Munyao anasema ni sabuni, Tryphena anasema ni maombi, Wakio anasema ni mimi. Mimi nasema aulizwe Gadi.

Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana tunakaa barazani, namtoa kupe kwa vidole, kweli sasa, na namwita jina lake. Miezi ya ukungu alilala jikoni karibu na mafiga, na paka wa Tryphena akamtumia kama blanketi. Mwezi wa tisa Munyao alimpa dawa ya minyoo, tukaificha ndani ya kipande cha nyama. Alikula nyama akaitema dawa, tukaanza upya. Na treni ya Taveta ikipita Mwatate na upepo ukiwa wetu, lile sikio lililolala linasimama. Anatazama bondeni mpaka sauti iishe. Anakukumbuka, usifikiri amekusahau.

Sasa jibu lako. Mwambie Oduor apite salama, asishuke. Mimi simleti Gadi dukani. Si hasira, hasira ilitoka na mashahidi wawili waliiona. Lakini mbwa huyu alishafika hapa mara moja kama mzigo, hataondoka kama mzigo. Njoo mwenyewe, na Selpha na watoto. Usimame kidogo nyuma ya nyumba, kisha unywe chai ingali moto. Jogoo wa mwaka huu ni kijana.

Na kamba usilete, siku hizi haijui. Utashuka mlima, na Gadi tutamwachia. Akikufuata mpaka stesheni ni wako, sitasema neno. Akikaa hapa na mimi, basi itakubidi uje kumwona kila mwaka. Sijamhonga kupita kiasi. Tangu barua yako ifike anapata mfupa kila siku, lakini ni wa ng'ombe, kama ulivyoagiza.

Shangazi yako Wakio anawasalimu wote, anauliza kama Selpha ameshajifunza kupika kimanga cha kwetu. Donald anasalimu, na daftari lake bado analo. Tryphena anawaombea kila Jumapili, na wewe anakuombea kwa jina zima ili Mungu asikosee mtu.

Nami kabla ya kufunga bahasha nimetia maji ya muwa mdomoni, nikageukia upande wa Eldoret, nikapuliza: njia iwe nyeupe, mwende na mrudi, watoto wakue. Kwa hiyo ukiona karatasi hii ina madoa, usianze kuwaza mambo ya machozi. Ni meno manne tu.

Ni mimi akupendaye, hata katika mstari wa mwisho,
Baba yako mkubwa,
Zephaniah Mwandawiro.