Wake Wenza Darasani Kwangu

Jumamosi, Lodwar. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo umenijazia vumbi hadi kitandani, lakini leo silalamiki. Nina furaha.

Nianze na aibu yangu. Wiki tatu zilizopita, katika darasa langu la Kiingereza la watu wazima, nilikuwa nafundisha kulinganisha. Tuseme "than I" au "than me"? Mimi ni mbishi, nashikilia "than I". Nikawasimamisha Nakiru na Akai, wanawake wawili wanaoketi pamoja na kutumia daftari moja. Nikamwambia Nakiru aseme nani mrembo zaidi, yeye au mwenzake.

Darasa zima likainamia madaftari.

Mimi ni mtu wa Bungoma, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa, na bado siulizi vya kutosha. Kumbe hao ni wake wenza, wa boma moja.

Jumamosi mbili hawakuonekana. Iliniuma sana. Akai ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujisomea karatasi za kliniki za mtoto wake, na mimi ndiye niliyemfukuza. Jumatano nikajikaza, nikaenda sokoni wanakouza samaki wakavu wa Kalokol, nikaomba msamaha.

"Ejok, madam," Nakiru akanisalimu bila kutabasamu. "Bwana anatulinganisha. Watu ya soko wanatulinganisha. Sasa na wewe pia?"

Nikasema pole tena, nikaenda zangu.

Leo wameingia darasani wamechelewa. Nilijifanya nafuta ubao ili wasinione machozi. Tukaendelea na kulinganisha, ila safari hii sikumwita mtu. Nakiru akasimama mwenyewe, akamvuta Akai mkono, wakanikazia macho wote wawili.

"We are stronger than you, madam."

Watu wakaangua kicheko. Nilitafuta kosa kwa mazoea tu, sikuliona. Tena wamesema kweli. Wao wako wawili, mimi nasonga ugali wa mtu mmoja.

Wakati wa kutoka, Akai akaniambia, "Kesho ukitoka kanisa, kuja kwetu. Kila mtu atakupikia samaki yake."

Nitaenda, nitakula sahani zote mbili nizimalize, na sitathubutu kusema ipi ilikuwa tamu zaidi.